Ng'ombe Mwekundu wa Wakili

Mimi ng'ombe sikuomba. Hilo nataka lieleweke mapema. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mke wa wakili, mtu wa kununua maziwa kwenye kioski asubuhi na kurudi nyumbani mikono misafi. Sasa Jumamosi moja, katikati ya miaka ya tisini, nafungua geti la nyumba yetu ya Kitengela nikiwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko, nakuta mzee mrefu wa Kimaasai amesimama hapo na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Mzee ananitazama, mtamba ananitazama.

"Takwenya," mzee akaniamkia.

"Iko," nikaitikia. Hiyo angalau nilikuwa nimefundishwa.

Basi akanikabidhi kamba, akaingia ndani kumtafuta mume wangu, akaniacha na mnyama. Woi! Mimi ni Mkamba wa Machakos. Ng'ombe nawajua, lakini wa kwetu wana mahali pao. Huyu alielekea moja kwa moja kwenye sukumawiki yangu, akinikokota nyuma, na nguo za watu bado ziko kwenye beseni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka kuangalia ni nani anauawa.

Mume wangu alikuwa Mmaasai wa upande wa Bisil. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Kajiado, juu ya duka la misumari na mabati, karibu kabisa na korti. Yule mzee alikuwa mteja wake, na shida yake niliijua kwa kichwa kwa sababu ilizungumzwa mezani kwetu kila jioni. Ranchi ya jamii ilipogawanywa, mzee alipata kipande kinachoshuka hadi mtoni. Maji hayo ndiyo yaliyonywesha ng'ombe wake na wa wanawe wote. Akaja mfanyabiashara wa mawe ya kujengea, akamwomba pembe moja tu ya shamba achimbe. Mzee akampa. Miaka ikapita, yule mtu wa mawe akaanza kusimamisha nguzo za seng'enge kuelekea mtoni, na alipoulizwa akasema ameuziwa shamba lote. Mume wangu alikwenda kortini akapata amri ya kumzuia asiweke ua wowote mpaka kesi iamuliwe. Nguzo ziling'olewa, na wiki hiyo hiyo ndipo mtamba akafika kwangu.

"Hii ni malipo ama ni nini?" nilimuuliza mume wangu mzee alipokwisha kuondoka.

"Malipo gani? Hili ni jina." Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, amefurahi, anamtazama yule mnyama akimaliza mboga zangu. "Mtu akikupa mtamba, hamuitani tena majina yenu. Mnaitana Paashe. Mimi namwita Paashe, na yeye ananiita Paashe. Mpaka mmoja wetu azikwe."

"Nyote wawili jina moja?"

"Jina moja. Huyu mtamba ametufanya kitu kimoja."

"Na mimi niko wapi kwa hiyo hesabu?"

"Wewe utamkamua," akasema, na kucheka mpaka akakohoa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufugaji. Nilinung'unika, lakini nitasema ukweli: yule ng'ombe alinizoea nami nikamzoea. Alizaa madume, akatunywesha maziwa sisi na watoto wetu, na mume wangu alinieleza zaidi ya mara moja kwamba ng'ombe wa jina hauzwi, wala hachinjwi hovyo. Ukifikia kumchinja, unamwita aliyekupa, mnaketi, mnakubaliana. Nilipotaka kitu kwa mume wangu nilikuwa namwita Paashe kwa sauti nzito ya yule mzee, na alikuwa ananipa ili ninyamaze.

Na wakili alikuwa wakili, jameni. Sitamnyima sifa yake. Mvua za El Nino ziliponyesha, udongo mweusi wa Kitengela ukawa unashika miguu hadi unaacha kiatu nyuma, magari yakakwama, watu wakalala nyumbani. Yeye alivaa gambuti, akatia viatu vyake vya korti kwenye mfuko wa plastiki, akatembea mpaka kwenye lami kutafuta namna ya kufika Kajiado. Siku nyingine alifika kortini akakuta hakimu mwenyewe hajafika. Yule mzee alikuwa akienda Bisil siku ya soko la mifugo na kuwatangazia watu: "Wakili yangu haikosi korti. Hata mvua inyeshe mawe, utamuona hapo." Mume wangu alipoletewa habari hizo alijifanya hajali, lakini niliona anavyonyoosha tai.

Kwa hiyo nielezeni mtu wa namna hiyo anawezaje kunifanyia alichonifanyia kanisani.

Tulikuwa tumeketi safu ya tatu kutoka mbele, mimi na kitambaa changu kipya, watoto kando yangu, yeye amechelewa amekaa nyuma na wanaume. Mchungaji akamaliza mahubiri, akasema tusimame tumwombee ndugu yetu ambaye Bwana ameweka moyoni mwake kwenda kututumikia bungeni. Nikafumba macho kwa unyenyekevu wote. Haki ya Mungu, nilikuwa namwombea mke wa huyo mtu, yeyote yule, nikimwonea huruma kwa wageni watakaomjia. Nilipofumbua macho kanisa lote lilikuwa limegeuka kunitazama mimi.

Sikumngoja afike nyumbani. Nilimshika hapo nje, kwenye vumbi, watu wakinipa mkono wa pongezi huku na huku.

"Ulikuwa uniambie lini? Baada ya kuapishwa?"

"Mama watoto, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mchungaji anajua, kwaya inajua, mimi nafanywa mgeni kwa nyumba yangu?"

Alinivuta kando ya ukuta. Alisema akiwa wakili anatetea mtu mmoja mmoja, lakini akiwa bungeni atatetea wote kwa pamoja. Alisema mashamba yanaisha, Kitengela inajaa, sheria zinatungwa na watu wasiojua hata Isinya iko wapi. Mengi aliyosema yalikuwa kweli, na hilo lilinichoma zaidi.

"Na Paashe?" nikamuuliza. Kesi ya mzee ilikuwa bado inasukumwa mbele, leo inatajwa, kesho imeahirishwa.

Akanitazama usoni. "Ya Paashe nitaimaliza mwenyewe. Nichaguliwe nisichaguliwe, siku ya korti nitakuwa kortini. Hilo nakuapia."

Nililishika neno hilo, maana kwa miaka yote hajawahi kunidanganya kuhusu korti.

Kampeni za 2002 ziligeuza nyumba yangu hoteli. Nilikuwa naamka nakuta wanaume nisiowajua wananawa uso kwenye karai langu la unga. Walikula, wakaimba, wakamwagilia maua yangu mkojo. Mzee yeye hakuja kula. Alibaki Bisil, kila siku ya soko akisimama katikati ya wafugaji na fimbo yake, akisema maneno yale yale: huyu haikosi korti, huyu ukimpa kitu yako anashika. Watu walimwamini kwa sababu walijua yuko na kesi kubwa na bado anacheka. Nikiulizwa leo ni nini kilimpa mume wangu kiti, nitasema ni yule mzee, wala sitaongeza lingine.

Tulishinda. Wiki hiyo hiyo msichana wa kazi alikuja jikoni akaniambia, "Mheshimiwa ameomba chai." Nikamuuliza mheshimiwa gani. Akaelekeza kidole sebuleni, pale ambapo mume wangu alikuwa amekaa na soksi zilizotoboka. Nilishangaa hadi nikacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Sherehe ya kushukuru ilipangwa nyumbani. Nilikuwa nimewaonyesha vijana wa kampeni madume mawili, wana wa yule mwekundu, nikawaambia hayo ndiyo ya kuchinja. Kisha nikaenda Isinya kuchukua kuku, kwa sababu walikuwepo majirani zetu wenye asili ya Kakamega, na huwezi kumkaribisha mtu wa huko bila kuku. Niliporudi saa sita, mahema yalikuwa yamejaa, spika zinapiga, moshi wa nyama umetanda. Nikazunguka nyuma ya nyumba na masanduku yangu ya kuku.

Ngozi ilikuwa imetandazwa kwenye ua. Nyekundu, na baka jeupe ubavuni.

Nilisimama tu. Niligeuka nikatazama zizi, madume yote mawili yalikuwa hapo yanatafuna. Nilimshika kijana wa kwanza aliyepita, nikamshika shati.

"Nani amewaambia mchinje huyu?"

"Mathe, tulia. Hawa wengine walikuwa wanasumbua kushikwa, na huyu amezoea watu. Tulimpigia mheshimiwa simu, akasema yeyote, hata huyo mwekundu, bora nyama iive haraka."

Nilitaka kuitoa ile ngozi. Nilikuwa nimeshaishika pembe moja wakati nilipomwona mzee. Alikuwa amekula na wenzake wa rika lake pale kwenye hema la wazee, ameshiba, ametafuta mahali pa kunyoosha miguu. Akaja moja kwa moja hadi kwenye ua. Hakunitazama. Aliweka kiganja chake juu ya lile baka jeupe, akakiacha hapo. Kando yake, juu ya bati, kilikuwa kichwa, na sikio bado lilikuwa na mkato wa ukoo wake ambao yeye mwenyewe aliukata. Nyama ya ng'ombe huyo ilikuwa tumboni mwake. Nilitamani ardhi ifunguke.

Nikamfuata nyuma alipokwenda kwenye hema kubwa. Mume wangu alimwona kwa mbali, akafungua mikono mbele ya wageni wake wakubwa. "Paashe!" akaita. "Njoo, Paashe, hawa wakuone!"

Mzee akampa mkono. Akasema kwa upole, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie vizuri:

"Asante kwa nyama, mheshimiwa."

Kisha akachukua fimbo yake akaenda. Wageni walicheka wakadhani ni heshima. Mimi nilimwona mume wangu mikono ikishuka polepole, na nikajua ameelewa.

Wageni walipopungua nilimkabili. Sikujali nani anasikia. Nilimuuliza anajua amefanya nini. Unajua alinijibu nini, yule mtu aliyekaa kwenye ngazi akanifundisha maana ya mtamba?

"Ni ng'ombe tu. Nitamtafutia mwingine. Hata wawili."

Ai! Ngozi ilikuwa imenishtua, lakini maneno hayo yalinipiga zaidi. Nilimtazama nikitafuta wakili wangu wa gambuti, nikamkosa. Labda naye alijisikia vibaya, kwa sababu alisema: "Kesi inasikilizwa baada ya Pasaka. Nitasimama mwenyewe. Nikimrudishia shamba lake tutakuwa sawa." Nikasema sawa. Nilitaka iwe sawa.

Nilihesabu siku mpaka Pasaka kuliko watoto wanavyohesabu likizo. Siku yenyewe ilipofika nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu. Asubuhi mume wangu alivaa shati jeupe, akachukua faili la mzee, akaniambia mlangoni, "Tutakutana kortini." Gari la serikali likamchukua. Mimi nikashika njia yangu ya Kajiado.

Mzee alikuwa ameketi benchi la mbele. Alikuwa amevaa koti juu ya shuka, koti la mitumba lenye vifungo vyote. Niliketi karibu naye. Upande wa pili yule mtu wa mawe alikuwa na wakili wake, wamependeza, wananong'ona. Upepo wa Kajiado ulikuwa unapiga madirisha na kila mlango ulipogonga niligeuka. Kesi ikaitwa.

"Wakili wa mlalamishi yuko wapi?" hakimu akauliza.

Nilikuwa tayari nimempigia mume wangu kwa ile simu yangu ndogo, namba haipatikani. Nikapiga tena, simu nimeificha chini ya leso. Haipatikani.

Mzee akasimama. Hakuwa ameitwa kusema, lakini alisimama, mrefu hivyo, akashika benchi.

"Iko njiani," akamwambia hakimu. "Wakili yangu haikosi korti."

Baada ya ngozi ile. Baada ya kula ile nyama. Bado alikuwa anamtetea! Nilishindwa kuinua macho. Hakimu alikuwa mtu mwema, akaisogeza kesi mpaka nyingine zote ziishe. Zikaisha. Wakili wa upande wa pili akaomba kesi itupwe kwa kuwa mlalamishi hajawakilishwa, na amri ya kuzuia ua iondolewe. Ikatupwa. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuita majina darasani.

Mzee hakuelewa mpaka nilipomweleza kwa Kiswahili, nje, karibu na geti la korti. Akauliza swali moja. "Mto pia?" Nikamwambia ndiyo, mto pia. Akaangalia viatu vyake vya mpira.

Jioni hiyo taarifa ya habari ya redio ndiyo iliyonieleza mume wangu alikuwa wapi. Waziri alikuja ghafla, wakaandamana naye hadi mwisho mwingine wa eneo letu kufungua kisima. Wananchi walishukuru kwa maji, mtangazaji akasema. Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji, nikaiweka chini, nikaizima redio.

Aliporudi alikuwa na maneno mengi. Waziri haambiwi hapana. Faili alikuwa amempa wakili kijana wa ofisi, kijana akadhani ni kesi ya kutajwa tu. Kesi ikitupwa hufufuliwa, yeye atashughulikia. Alishughulikia wiki hiyo? Wapi. Wiki iliyofuata alikuwa Mombasa kwenye semina, na yule mtu wa mawe akarudisha nguzo zake, safari hii na zege.

Basi nilivuka barabara. Mkabala na kwetu alikuwa amepanga msichana mmoja wa kutoka Kakamega, wakili, mtu wa kwenda Nairobi kila asubuhi na kurudi amechoka. Nilikuwa nimemlisha ugali mara nyingi. Nilimweleza yote, kuanzia mtamba. Alinisikiliza, akavua viatu, akasema, "Mwalimu, mlete huyo mzee." Yeye ndiye aliyemwomba hakimu aifufue kesi, na ikafufuliwa. Ilichukua muda mrefu, na kila siku ya korti niliyopata ruhusa nilikaa lile benchi pamoja na mzee, yeye na koti lake, mimi na daftari za watoto nikisahihisha. Hatukuwa tunaongea sana. Tulikuwa tunagawana chapati.

Mume wangu alipojua alipandwa na hasira. "Unaniaibisha! Mke wa mbunge anampeleka mteja wangu kwa wakili mwingine?"

"Mteja wako alikuwa kortini," nikamwambia. "Wewe ulikuwa wapi?"

Alikwenda akalala chumba cha wageni, na mimi nilikula chakula changu chote.

Siku hukumu iliposomwa na shamba likarudi, mzee alishika mkono wa yule msichana kwa mikono yake miwili, kisha wangu. Yule mtu wa mawe aliamriwa kung'oa zege yake mwenyewe.

Uchaguzi uliofuata mume wangu alikwenda Bisil kuomba kura. Nilikuwepo. Hakuna aliyemzomea. Aliwaomba wazee wamruhusu mzee aseme neno, kama zamani. Mzee akasimama nyuma ya umati, akasema, "Mimi niko na ng'ombe ya kunywesha," akaondoka, na watu wakaanza kumfuata mmoja mmoja mpaka tukabaki sisi na spika. Kura zilipohesabiwa hazikumshangaza mtu ila yeye.

Baada ya hapo simu zikanyamaza. Wale waliokuwa wakinawa kwenye karai langu walihamia kwa mwingine. Kitengela ilikuwa imeshakuwa mji, gorofa zimetuzunguka, na mume wangu alikuwa anaketi kwenye ile ngazi ya mlango asubuhi nzima na gazeti asilolisoma. Nilikuwa namhurumia, nisiwadanganye. Ni mume wangu. Lakini sikuwa na la kumwambia ambalo hakulijua.

Jumamosi moja nikiwa nafua, sauti ikaita kutoka getini.

"Paashe!"

Mume wangu aliruka. Gazeti likaanguka. Sikuwa nimeuona ule uso tangu siku za gambuti. Ulifunguka wote, meno, macho, kila kitu. Alikimbia bila viatu. "Paashe!" akawa anaita, "Paashe yangu, naja, naja!" Akahangaika na komeo mpaka geti likafunguka.

Mzee alikuwa amesimama hapo, amezeeka, na mtamba mwekundu.

"Supa, mheshimiwa," akamwamkia vizuri, akampa mkono. Kisha akampita. Alitembea uwanja wote akimvuta yule mtamba, polepole, mpaka kwenye beseni langu, akaninyooshea kamba.

"Paashe," akaniambia.

Nilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Nikajifuta kwenye leso, nikapokea kamba. "Paashe," nikamwitikia. Nyuma yake mume wangu alikuwa bado amesimama getini, mkono kwenye komeo.